Mlaji wa Shinyanga mbele ya sahani ya Kiajemi

Katika ukanda unaoanzia Shinyanga mjini, ukapita Kahama na Msalala hadi kufika Geita, wali huliwa na watu wanaojua kuuhukumu. Mama lishe anayepika karibu na machimbo ya Nyarugusu au Lwamgasa hawezi kumpakulia mchimbaji wali uliovurugika kama bokoboko akatarajia kumwona tena kesho yake, na mnunuzi wa mchele anayefika Kagongwa, mji wa wilaya ya Kahama unaojulikana kwa mashine zake za kukoboa mpunga, huchota punje kwa kiganja, akazinusa, akatafuna mbili tatu na kuangalia zilizokatika kabla hajatamka neno juu ya bei. Ujuzi huo, ambao wenyewe huuona ni jambo la kila siku lisilostahili kutajwa, ndio maandalizi bora kabisa kwa mtu anayeketi kwa mara ya kwanza katika mgahawa wa Kiajemi, yaani mgahawa wa chakula cha Iran, kwa sababu Waajemi nao, pamoja na sifa zote za nyama zao za kuchoma, humpima mpishi kwa wali kwanza na kwa mengine baadaye.

Mgahawa wa namna hiyo si kitu cha kawaida katika miji ya Kanda ya Ziwa, na mkazi wa huku anayekutana nao aghalabu hukutana nao safarini, hasa Dubai. Njia ya kwenda huko ilipanuliwa na dhahabu. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu mwaka 2001, na pembeni mwa migodi hiyo mikubwa wachimbaji wadogo wameendelea kushuka katika maduara yao, yaani mashimo ya kuchimbia mwamba wenye dhahabu, huku biashara yao ikiingizwa katika masoko rasmi ya madini yaliyoanza kufunguliwa mwaka 2019, la Geita likiwa miongoni mwa ya mwanzo. Fedha inayotokana na kazi hiyo huwafikia wenye maduka, wauza vipuri, wauza simu na wauza nguo, ambao baadhi yao hufuata bidhaa Dubai, wakashukia Deira, mtaa wa biashara wenye soko mashuhuri la dhahabu kando ya hori la bahari linaloukata mji huo. Mlangoni mwa mgahawa, msafiri aliyechoka na asiyeelewa majina yaliyoandikwa kwenye orodha ni rahisi kukimbilia kuku na chipsi anazozijua, na hiyo ni hasara, maana ng'ambo ya hori, upande wa Bur Dubai, na hapo Deira penyewe, ipo migahawa ya Kiirani ya miaka mingi, mmojawapo ukiwa Al Ustad Special Kabab uliofunguliwa mwaka 1978. Wairani hawakufika Dubai juzi: mwanzoni mwa karne ya 20 wafanyabiashara wa bandari ya Lingeh na wa mji wa Bastak, walipobanwa na ushuru wa serikali yao, walihamishia shughuli zao upande wa pili wa Ghuba, wakajenga mtaa wenye minara ya kuvuta upepo ambao kwa muda mrefu uliitwa Bastakiya.

Ili kuelewa kwa nini wali una heshima kubwa kiasi hicho kwa Waajemi, ni lazima kwanza kuangalia ardhi yao. Sehemu kubwa ya Iran ni uwanda wa juu ulio mkavu, ambako chakula cha kila siku tangu kale kimekuwa mkate wa ngano, na mpunga hustawi hasa kaskazini, katika mikoa ya Gilan na Mazandaran, ukanda mwembamba uliobanwa kati ya Bahari ya Kaspi na milima ya Alborz, ambayo huzuia mawingu na kuyalazimisha kumwaga mvua upande huo mmoja. Kwa karne nyingi watu wa kaskazini waliula wali kama chakula cha kawaida, lakini kwa Mwajemi wa mikoa ya kati na kusini ulikuwa chakula cha matajiri, cha wageni na cha siku kuu, na kwa sababu hiyo wapishi wa ikulu waliupa muda na maarifa ambayo mkate haukuyahitaji. Kitabu cha upishi kilichoandikwa mwaka 1521, mwishoni mwa utawala wa Shah Ismail, mwasisi wa nasaba ya Safavi, tayari kinaeleza namna za kupika wali wa mchanganyiko kwa undani unaomwonyesha msomaji kwamba sanaa hiyo ilikuwa imekomaa.

Hali hiyo haiko mbali na ya Usukuma, yaani nchi ya Wasukuma wa ukanda huu. Chakula cha nguvu cha Msukuma kilikuwa ugali wa mtama, wa uwele na baadaye wa mahindi na wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa na kukaushwa, pamoja na michembe, ambayo ni viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikiwa vibichi na kuanikwa juani, na matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yaanikwe. Wali ulikuwa wa harusi, wa Krismasi na wa Idi. Kilichoubadilisha ni maarifa ya wakulima wenyewe, ambao waliona kuwa udongo wa itogolo, ulio mgumu chini na usiopitisha maji kwa urahisi, pamoja na ule mweusi wa mbuga, unaweza kuyashika maji ya mvua yanayoteremka kutoka kwenye vilima vya mawe, wakajenga kingo za udongo na kupata majaruba, yaani vitalu vya mpunga vinavyotegemea mvua na mteremko badala ya mifereji. Mkoa wa Shinyanga, ambao watu wa mbali huudhani kuwa nchi ya ukame tu, umekuwa miongoni mwa wanaolisha wengine mchele, na aina ya Supa, yenye punje ndefu na harufu inayojitokeza sufuria ikianza kuchemka, imewafundisha walaji wake kutegemea wali unaonukia kabla haujatiwa kitu chochote.

Uajemi wenyewe si mgeni kabisa katika sufuria za Shinyanga, ingawa ulifika kwa njia ndefu. Masimulizi ya pwani juu ya Washirazi, yaani watu wa Shiraz ya Uajemi, waliofika Kilwa na kwingineko yamebishaniwa na wanahistoria kwa miongo mingi, lakini msikiti wa Kizimkazi, Unguja, una maandishi ya mwaka 1107, na utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la Nature, uliochunguza mabaki ya watu 80 waliozikwa zaidi katika miji ya kale ya Waswahili, ulionyesha kuwa kuanzia karibu na mwaka 1000 wanaume kutoka Asia, wengi wao wenye asili ya Uajemi, walizaa na wanawake wa Kiafrika wa pwani hiyo. Karne nyingi baadaye, mwaka 1850, Sayyid Said alijenga hamamu za Kidichi, nje ya mji wa Zanzibar, kwa ajili ya mkewe wa Kiajemi aliyekuwa mjukuu wa Shah Fath Ali. Mkondo wa pili ulipitia India, ambako watawala wa Kimoghuli walipenda mambo ya Kiajemi, hasa baada ya mfalme Humayun kukimbilia kwa Shah Tahmasp mwaka 1544, na ambako wali wa Kiajemi ulikutana na pilipili, bizari na tangawizi. Misafara ya pwani ilipofika Unyanyembe, eneo la Tabora, kusini ya Shinyanga, na baadaye reli ya kutoka Tabora ilipokamilika hadi Mwanza mwaka 1928 ikiwaleta wenye maduka wa Kihindi katika kila kituo, pilau na sambusa zilipata makao bara, na leo ni vigumu kupata harusi ya Kahama isiyo na pilau.

Undugu huo wa mbali ndio pia mtego wa kwanza. Mlaji aliyezoea pilau, wali uliopikwa ndani ya supu ya nyama pamoja na karafuu, mdalasini, iliki, pilipili manga na bizari nyembamba hadi ukageuka kahawia, huingia mgahawa wa Kiajemi akitazamia chakula chenye viungo vikali zaidi ya hivyo, kwa dhana kwamba huko ndiko pilau ilikotoka. Badala yake huletewa kilima cha wali mweupe kabisa, juu yake kijiko kimoja cha punje za manjano, na pembeni kipande cha siagi. Kwa mtazamo wa haraka inaonekana kana kwamba mpishi hajamaliza kazi yake. Ukweli ni kwamba kazi yote iko katika huo weupe, na anayeishi kwa mchele ataiona mara tu atakapotia kijiko, kwa sababu kila punje imesimama peke yake, ndefu, laini na nyepesi, bila kushikana na mwenzake na bila kuwa kavu.

Wali huo mweupe huitwa chelo, nao hutofautishwa na polo, jina la wali unaochanganywa na kitu kingine katika sufuria hiyohiyo. Mchele wa chelo huoshwa mara kadhaa hadi maji yawe maangavu, kisha hulowekwa katika maji ya chumvi kwa saa moja au zaidi, ukamwagwa katika maji mengi yanayochemka na kuachwa dakika chache tu, hadi nje ya punje pawe laini na kiini kibaki kigumu kidogo kwenye jino. Hapo huchujwa, na sufuria hurudishwa motoni ikiwa na samli au mafuta, mchele ukarejeshwa ndani kidogo kidogo kwa mwiko ili upande kama kilima, ukatobolewa matundu machache kwa mpini wa kijiko ili mvuke upite, na mfuniko ukavikwa kitambaa kinachonyonya unyevu usidondokee wali. Kwa karibu saa nzima wali huo huivia katika mvuke wake wenyewe. Mpishi wa Kiswahili anayepalia, yaani anayeweka makaa juu ya mfuniko ili wali uive kwa joto la pande zote mbili, analenga jambo hilohilo la kumalizia kwa joto kavu na la upole, ila yeye huyaacha maji yakaukie ndani ya sufuria, ilhali Mwajemi huyamwaga mapema na pamoja nayo ule ute unaoshikanisha punje.

Kisha kuna ukoko. Katika nyumba nyingi za Shinyanga na Geita ukoko, tabaka la wali lililogandamana na kukauka chini ya sufuria, huachiwa watoto wanaougombania jikoni baada ya wakubwa kula, au hulowekwa maji sufuria ipate kuoshwa, na mgeni kupakuliwa ukoko ingekuwa aibu ya mwenye nyumba. Kwa Waajemi mambo ni kinyume: ukoko, unaoitwa tahdigi, hupikwa kwa makusudi, hukadiriwa mafuta na moto wake kwa uangalifu mkubwa, na hutolewa kwanza kwa mgeni. Mpishi huweza kuutengeneza kwa wali wenyewe uliokorogwa na mtindi na zafarani, au akatandaza chini ya sufuria vipande vya mkate mwembamba au vya viazi mviringo kabla ya kurudisha mchele, na mwishoni sufuria hupinduliwa juu ya sinia ili duara lote la rangi ya dhahabu libaki juu, bila ufa. Tahdigi iliyoungua inatia huzuni na isiyoshika inavunja moyo, na familia humkumbuka bibi au shangazi kwa jinsi yake ilivyokuwa. Mlaji wa Usukuma anayeonja kipande hicho, kikipasuka mdomoni kwa ukavu wa nje na ulaini wa ndani, anatambua kitu alichokipenda utotoni na alichofundishwa baadaye kwamba hakifai mezani. Hakuna sehemu ya mlo wa Kiajemi inayostahili kuagizwa mapema zaidi ya hii, kwa sababu sufuria moja hutoa tahdigi moja, na ikiisha imekwisha.

Zile punje za manjano juu ya wali zimetiwa rangi na zafarani, na hapa mtu wa Geita ana faida nyingine isiyotarajiwa. Zafarani ni nyuzi nyekundu zinazochumwa kwa mkono kutoka katikati ya ua dogo la zambarau, kila ua likiwa na nyuzi tatu tu, na huhitajika maua yapatayo 150,000 ili kupata kilo moja iliyokaushwa. Eneo la Khorasan, mashariki mwa Iran, ndilo kiini cha kilimo chake, na Iran hukadiriwa kutoa takriban asilimia 90 ya zafarani yote ya dunia. Huuzwa kwa gramu, juu ya mizani ndogo, na kama dhahabu ya machimboni huvuta walaghai: wapo wanaochanganya nyuzi za maua mengine yaliyopakwa rangi, na mnunuzi mwenye uzoefu huitia kidogo katika maji akatazama, kwani ya kweli hutoa manjano polepole na nyuzi zenyewe zikabaki nyekundu, ilhali ya bandia humwaga rangi yote papo hapo na kupauka. Jikoni husagwa na kuloanishwa kwa maji ya moto kidogo, na kiasi kinachotosha familia nzima kingeweza kukaa kwenye ncha ya kisu. Ladha yake haielezeki kwa kulinganishwa na kiungo cha pwani. Ina utamu wa mbali wa asali na uchungu mwembamba, na ikizidi huharibu chakula, jambo linaloeleza ubahili wa mpishi hodari kuliko bei yake inavyoeleza.

Pamoja na chelo huja nyama ya kuchoma, na mlo wa viwili hivyo, chelo kababu, ndio unaoagizwa zaidi na wageni. Umashuhuri wake katika maduka ya chakula ya Tehran ulikua wakati wa Naser al-Din Shah, aliyetawala kuanzia 1848 hadi 1896. Mlaji wa mishikaki ya jioni pale Katoro au Masumbwe ataona mara moja tofauti tatu. Kwanza, kubide, iliyo ya kawaida zaidi, ni nyama ya kondoo au ya ng'ombe iliyosagwa pamoja na kitunguu, ikakandwa kwa muda mrefu hadi ishikane na kubandikwa kwenye upanga mpana wa chuma, na uwezo wa kuizuia isidondokee makaani ni ufundi wa kujifunza kwa miaka. Pili, hakuna pilipili, na hata chumvi ni ya kiasi, kwa kuwa ladha inatakiwa itoke kwenye nyama, mafuta na moshi. Bargi, ambayo ni steki laini iliyopondwa ikawa nyembamba, hulazwa katika maji ya kitunguu tu, na juje, kababu ya kuku, hulazwa katika limau, kitunguu na zafarani. Tatu, nyama hiyo haitafunwi peke yake na ndizi za kuchoma: siagi huyeyushwa ndani ya wali wa moto, nyanya nzima iliyochomwa hupondwa juu yake, kisha hunyunyizwa sumaki, unga mchachu wa rangi ya zambarau unaotokana na matunda madogo yaliyokaushwa, na ndipo kipande cha nyama huvunjwa kwa ukingo wa kijiko. Kisu hakiwekwi mezani kwa sababu hakihitajiki. Kijiko huwa mkono wa kuume na uma mkono wa kushoto. Wengine huongeza ute wa manjano wa yai bichi juu ya wali, na asiyependa anaweza kuukataa bila kumuudhi mtu.

Anayeishia kwenye kababu, hata hivyo, amekula chakula cha Kiajemi cha barabarani na kukosa kile cha nyumbani. Chakula cha nyumbani ni khoreshi, mchuzi unaochemka taratibu kwa saa kadhaa na kuliwa juu ya chelo, na hapa ndipo ugeni wa kweli unapoanza, kwa kuwa ladha inayotawala ni uchachu. Gorme sabzi, ambayo Wairani wengi wangeitaja kuwa mchuzi wa taifa, hupikwa kwa rundo kubwa la majani, miongoni mwao kotimiri, majani ya vitunguu na majani ya uwatu, yaliyokatwa madogo na kukaangwa hadi yawe karibu meusi, kisha yakachemshwa na nyama, maharage mekundu na ndimu zilizokaushwa nzima hadi zikawa ngumu na nyeusi ndani. Ndimu hizo huitwa za Oman, nazo ni ushahidi mwingine wa biashara ya Ghuba. Mtu aliyelelewa kwa nsansa, yaani majani ya kunde yaliyokaushwa ili yatumike wakati wa kiangazi, hatashtushwa na weusi wa mchuzi huo wala na ule uchungu mwembamba unaotokana na majani yaliyopoteza maji. Atakachohitaji kuzoea ni ndimu, na shauri la busara ni kuibonyeza kwa kijiko ili itoe maji yake bila kuitafuna, kwa sababu ganda lake ni chungu kweli.

Zipo khoreshi nyingine zinazofaa kutajwa kwa mlaji wa ukanda huu. Geime hutengenezwa kwa nyama, nyanya na mbegu za manjano zilizopasuliwa za jamii ya dengu, na juu yake huwekwa chipsi nyembamba. Fesenjani, iliyotokea kaskazini kwenye mpunga, ni nyama ya bata au kuku katika mchuzi mzito wa jozi, ambazo ni kokwa zenye mafuta za mti wa nchi za baridi, zilizosagwa na kupikwa na maji ya komamanga yaliyokauka hadi kuwa kama asali nyeusi. Mpishi wa Shinyanga anayeunga mboga kwa karanga zilizotwangwa anaijua vizuri ile hatua ambayo mafuta huanza kujitenga na kuelea juu, na ndiyo hiyohiyo inayomwambia Mwajemi kuwa fesenjani imeiva. Lakini utamu na uchachu wa komamanga vitamshangaza, na si kila mtu huipenda mara ya kwanza.

Kuna mlo mmoja zaidi, usio wa wali, ambao ungestahili kujulikana huku kuliko ulivyo, nao ni abgushti. Huu ni chakula cha wafanyakazi, wachunga mifugo na wasafiri, kinachopikwa katika chungu kidogo cha jiwe au cha udongo kwa nyama ya kondoo yenye mfupa na mafuta, dengu, maharage meupe, viazi, nyanya na ndimu kavu, kikaachwa motoni tangu asubuhi. Mlaji hupewa chungu chake na mchi mdogo. Kwanza humimina supu peke yake katika bakuli na kuichovyea vipande vya mkate, kisha yale yaliyobaki chunguni huyaponda kwa mchi mpaka nyama, dengu na viazi viwe kitu kimoja, akavila kwa mkate, kitunguu kibichi na achari. Dengu hulimwa kwa wingi Kishapu na wilaya jirani, zikipandwa kwenye udongo mweusi mvua zinapoelekea kuisha ili zikue kwa unyevu uliobaki ardhini, lakini nyingi hununuliwa na kupelekwa nje, hasa Bara Hindi, na mkulima mwenyewe huzihesabu kuwa zao la fedha zaidi ya chakula. Abgushti inaonyesha namna ambavyo zao hilo, pamoja na mifupa ya supu inayopatikana katika kila bucha ya machimbo, lingeweza kumshibisha mchimbaji anayetoka zamu ya usiku kwa gharama ndogo na kwa nguvu ya kutosha, na ni ajabu ya kusikitisha kwamba dengu hupita karibu na milango ya mama lishe zikiwa katika malori bila kuingia vyunguni mwao.

Kuhusu maziwa, mfugaji wa Kisukuma ana mengi ya kujadiliana na Mwajemi. Mgando wa Usukuma huliwa na ugali au hunywewa wenyewe, na wengi huutia sukari. Waajemi hutia mtindi chumvi: huuchanganya na matango yaliyokatwa na nanaa kavu ukawa kitoweo baridi cha kulia wali, au huuzimua kwa maji, chumvi na nanaa ukawa dughi, kinywaji kinachoagizwa pamoja na kababu mahali ambapo mtu wa hapa angeagiza soda. Nusu glasi ya mwanzo hukunja uso wa asiyezoea, hasa dughi ya chupa iliyotiwa gesi, lakini faida yake baada ya nyama yenye mafuta huonekana kabla ya mlo kwisha.

Kabla ya chochote, huletwa mezani sahani ya majani mabichi, yakiwemo nanaa, mrihani, figili na vitunguu vya majani, pamoja na jibini nyeupe na mkate wa moto, na mgeni hujiuliza kama hayo ni mapambo au chakula. Ni chakula. Hufungwa katika kipande cha mkate na kuliwa kidogo kidogo hadi mwisho, na kazi yake ni kuuamsha ulimi kati ya tonge na tonge. Mkate wenyewe hutofautiana kwa mji na tanuri. Uitwao sangaki huokwa juu ya kokoto za moto na hubaki na alama zake. Nyuma ya mpangilio huu kuna imani ya zamani ya tiba kwamba kila chakula kina asili ya moto au ya baridi, bila kujali joto lake mezani, na kwamba mlo mzuri husawazisha viwili hivyo, ndiyo maana samaki, aliye baridi, na jozi, zilizo moto, hutafutiwa wenzi wao. Wazee wa pwani ya Waswahili wana elimu kama hiyo, waliyoirithi kutoka chemchemi ileile ya tiba ya Kiislamu.

Ziko pia adabu zinazofaa kujulikana mapema. Taarofu ni desturi ya Waajemi ya kukirimu na kukataa kwa zamu, na katika mgahawa wa mtindo wa zamani mwenye duka anaweza kumwambia mteja anayelipa kwamba hakuna deni, mlo ni wake. Hiyo ni heshima na si msamaha wa bei. Mteja husisitiza mara mbili tatu, na fedha hupokelewa. Msukuma aliyefundishwa kutokubali chakula cha jirani kwa mwito wa kwanza hatapata shida na mchezo huo. Chai hufuata, nyekundu, isiyo na maziwa, katika glasi ndogo, na bonge la sukari huwekwa kati ya meno ili chai ipitie humo.

Kwa watu watatu au wanne wanaokula pamoja, agizo linalofaa mara ya kwanza ni tahdigi moja, kubide na juje za kugawana, bakuli moja la gorme sabzi, mtindi wenye matango na chelo ya kila mtu. Fesenjani na abgushti zisubiri safari nyingine, kwa sababu sahani za Waajemi ni kubwa na ladha nyingi ngeni kwa pamoja hufanya zote zisikumbukwe. Pilipili ikiulizwa italetwa, lakini ni vizuri tonge kumi za kwanza ziliwe bila hiyo.

Asiyekuwa na safari ya Dubai anaweza kuanzia jikoni kwake, maana sehemu iliyo muhimu zaidi haihitaji kiungo hata kimoja cha kigeni. Mchele wa Supa uliochaguliwa vizuri, usio na chenga, ulowekwe saa moja katika maji yenye chumvi, kisha utokoswe katika maji mengi na kuonjwa kila dakika kuanzia ya tano, kwa kuwa Supa ikipitiliza hakuna mvuke utakaoirudisha. Ukishachujwa, sufuria yenye kitako kizito ipakwe mafuta yanayokifunika chote, vikombe viwili vya mchele huo vikorogwe na vijiko vichache vya mgando mzito na kutandazwa chini kwa kugandamizwa, na mwingine upandishwe juu yake bila kushindiliwa. Moto wa mkaa uwe wa kutosha kwa dakika kumi za mwanzo, hadi sauti ya kukaangika isikike, kisha makaa mengi yaondolewe na machache yawekwe juu ya mfuniko uliovikwa kitambaa kwa ndani, ncha zake zikiwa zimefungwa juu mbali na moto. Baada ya dakika arobaini na tano kitako cha sufuria kikalishwe kwa muda katika beseni la maji baridi, jambo linaloachanisha ukoko na chuma, na sinia liwekwe juu kabla ya kupindua. Manjano inaweza kutoa rangi pale zafarani inapokosekana, ingawa haiwezi kutoa harufu yake, na ni afadhali wali ubaki mweupe kuliko kuudanganya. Mara ya kwanza ukoko utashika upande mmoja na kuvunjika mwingine. Vipande vyake hupangwa juu ya wali vilevile, na vya kwanza hupewa wageni.